Kufuli Mbili za Ghala la Maafa

Shemeji yangu anasimamia malori ya kampuni ya maduka, mimi natunza ghala la maafa la serikali, na tangu amuoe dada yangu hatujawahi kula pamoja bila kubishana nani atawahi mafuriko yakija. Yakaja Jumanne. Saa nane mchana watu mia tatu walikuwa wamelowa chepechepe kwenye shule jirani na ghala, na malori yake yalishafika na maji ya kunywa.

Mablanketi hakuwa nayo. Mimi nilikuwa nayo elfu moja, nyuma ya kufuli mbili. Ndio utaratibu wetu: kila kufuli na mtu wake, asije mmoja akaiba. Ufunguo wa pili alikuwa nao bosi wangu, tunayemwita Bwana Utaratibu, na yeye yuko ng'ambo ya mto, simu haipatikani.

Shemeji akanicheka, eti serikali ni kawia ufike. Nami nikamwonyesha vijana wake wanavyogawa maji: wenye misuli wanaondoka na katoni mbili mbili, wazee wanameza mate. Haraka haraka haina baraka. Nikachukua daftari langu la kaya, nikaita jina kwa jina, kila mtu akapata. Akaenda kuleta mkasi wa kukatia chuma.

"Shem, tukate."

Nilikataa. Nikivunja kufuli, kazi sina. Lakini darasa la kwanza palikuwa na mzazi wa juzi, kichanga chake kimeviringishwa kwenye shati bichi, na roho iliniuma. Nikautazama mlango upande usio na kufuli. Bawaba tatu.

"Kufuli usiziguse," nikamwambia. "Nipe bisibisi."

Malori yake yaligawa mablanketi yangu hadi ng'ambo, kwa kuzungukia daraja la mbali lililopitika kwa malori tu. Jioni tukarudisha mlango.

Asubuhi Bwana Utaratibu alishuka kwenye boti ya jeshi, ufunguo mkononi. Alizikagua kufuli, akanisifu. Tulipofungua, ghala lilikuwa tupu.

"Nani kafungua?"

"Hakuna aliyefungua, bosi."

Bosi akainamia zile bawaba, kisha akalitazama blanketi alilojifunika tangu jana, na muhuri wa ghala letu kwenye pindo. Akalikaza mabegani.

"Huu mlango umelegea," akasema. "Mwambie shemeji yako aje akaze skrubu."