Herufi za Tanzia

Ile filamu ndiyo ya kulaumiwa. Tuliikodi mtandaoni Ijumaa baada ya swala, mimi na Iddi, mwenzangu wa chumba hapa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha. Iddi ni dereva wa teksi, akazima simu kabisa ili mudiri wake asimwite kazini. Tuliahidiwa jini. Saa nzima jini lenyewe halikufanya lolote ila kufunga na kufungua milango. Bawabu wa hoteli ninayofanyia kazi Al Sadd anatisha zaidi.

Kwa kuchoka nikafungua kompyuta. Mimi ndiye mtunza tovuti ya chama cha Wapemba wa Doha, na ukurasa unaosomwa kuliko yote ni wa tanzia. Mwenyekiti wetu, Mzee Abdulrahman, alikuwa kanisema kwamba herufi nilizochagua, za mviringo zenye mikia, zinafanya misiba ionekane kama mialiko ya harusi. Niliudhika, lakini nilipoziangalia tena nikaona haya. Nikaweka nyingine, nyeusi, zilizosimama wima. Kuzijaribu kulitaka jina.

Iddi akacheka, akasema nitumie lake. Kwetu jina la aliye hai haliwekwi kando ya neno marehemu, hata kwa mzaha, nami nalijua hilo. Nikaandika: Marehemu Iddi Vuai Makame, wa Wete. Zikakaa vizuri mno. Nikabonyeza nilipodhani ni kuhifadhi tu.

Filamu ikaisha hivyo hivyo. Iddi alipowasha simu, ujumbe ukamiminika: pole kwa wafiwa, innalillahi, kafa lini? Nilikuwa nimeutangaza ukurasa kwa wanachama wote. Niliufuta haraka, lakini habari ya msiba haifutiki; ilikuwa imeshafika Pemba. Ningeziacha zile herufi za harusi, kila mtu angejua ni utani.

Mama yake kule Wete, mgonjwa wa moyo, alikuwa amempigia mara tisa akakuta simu imezimwa. Iddi hakuogopa kingine ila hicho, kwamba habari hii itamuua mama yake. Akampigia, akaweka spika. Kwa mbali tulisikia wanawake wakisoma Yasini.

"Mama, ni mimi, Iddi. Mimi mzima."

Nilitarajia kilio. Mama akasema kwa upole, kama anayembembeleza mtoto alale.

"Najua ni wewe, mwanangu. Nilijua utakuja kuniaga. Wengine hawajijui mara moja kuwa wameshakufa. Usihangaike tena na dunia. Pumzika, tumeshakusomea."

Nikaingilia kwa sauti, nikamwambia mimi ni Harun, na Iddi huyu hapa mbele yangu anapumua. Mama akavuta pumzi. 

"Iddi, baba," akauliza, "huyo uliye naye huko ni nani?"

Iddi akageuka akanitazama. Akanitazama sana, kisha akarudi nyuma hatua moja.