Jedwali la Tatu

Kwa miaka tisa kikao cha Alhamisi kilikuwa chake. Saa saba mchana madaktari wanafunzi walikusanyika katika chumba cha nyuma ya maabara kusoma makala moja ya utafiti na kuichambua. Yeye, bingwa wa magonjwa ya ndani, alikuwa na mtindo wake: kabla ya kugawa nakala alikata kwa mkasi muhtasari wa mwanzo na hitimisho la mwisho, akavitia mfukoni.

"Amueni wenyewe," aliwaambia. "Sitaki mtafuniwe."

Wakishaamua, ndipo alipowasomea kipande alichokificha. Vijana wakambandika jina la Mkasi, naye akalivaa kama nishani.

Kisha homa ikamlaza wiki mbili, na bingwa mgeni, mwanamke mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, akamshikia nafasi. Aliporudi alikuta viti vimeongezwa kutoka kliniki. Vijana waliokuwa wakisinzia mbele yake sasa walibishana hadi wakasimama.

"Dada, leo utatuachia saa ngapi?" mmoja aliuliza.

"Mkishaniudhi vya kutosha."

Wakacheka chumba kizima. Mkasi akajilazimisha kutabasamu, kijiba cha roho kimemkaba. Kwake walicheka mara moja tu, siku kiti kilipomvunjikia.

Mambo yakazidi mkuu wa idara aliposema, "Alhamisi hii nitakuja kuketi nanyi. Mwaka ujao kikao kitakuwa na msimamizi mmoja tu, si ninyi wawili. Nitaona nani."

Mkasi akamchagulia mgeni makala ya dawa ya shinikizo la damu, amwachie aendeshe. Alijua vijana wa dada huyu hupinga kila kitu. Katika kipande alichokikata, waandishi waliisifu dawa hiyo mno. Wapinge tu, kipande kitamuumbua mgeni pamoja nao.

Siku ikafika, wakapinga kweli. Dawa haijathibitika, walisema kwa sauti moja. Mkasi akainuka taratibu, akatoa kipande mfukoni, akasoma kila neno kama anayelilamba: "Dawa hii ni salama na inafaa." Akamtupia jicho mkuu. "Basi, dada yangu, umewapoteza watoto wa watu."

"Huenda, kaka," alisema mgeni. "Ila hebu tazama jedwali la tatu. Walioanza dawa ni mia. Waliohesabiwa mwishoni ni sitini na wawili. Wale thelathini na wanane walishikwa na kizunguzungu, wakaachishwa, wakafutwa kwenye hesabu."

"Kumbe ni salama kwa waliobaki wima!" akadakia kijana wa dirishani, na kicheko kikalipuka.

Mkasi hakuwa ameliona jedwali lile. Kwa kweli, miaka mingi sasa, sehemu pekee aliyoisoma ni ile aliyoikata.

"Daktari," mkuu akauliza, "wewe uliliona?"

Mgeni akamtangulia kujibu: "Aliliona, mkuu. Ndiyo maana akatuchagulia hii. Alitutega."

Makofi yakapigwa. "Mkasi! Mkasi!" Mkuu akacheka, akamshika bega. "Basi kikao kibaki kwako."

Alichokitaka akakipata, nacho kikawa kichungu kama shubiri. Alikuwa amemwonea yule mama wivu kwa viti na vicheko. Sasa alimwonea wivu hata kwa moyo ule wa kumwokoa, maana alijijua: angekuwa yeye, angemwacha azame.

Koridoni mgeni akamfikia. "Kaka, wiki ijayo tunasoma nini?"

"Nitakwambia kesho."

"Haya. Majedwali tu usitukatie."

Akaenda zake akicheka. Mkasi akaingia ofisini, akafunga mlango, akachukua makala mpya. Akaanzia jedwali la kwanza, kidole juu ya kila tarakimu, midomo ikihesabu. Aliporudi kujumlisha mara ya pili chai yake ilikuwa imepoa, lakini hakuigusa. Liwalo na liwe, yule mama asione tena kitu ambacho yeye hajakiona.