Linde Hukaa Nyuma

Wanaoendesha baiskeli kando ya mto Danubi wana desturi yao: mwenye miguu dhaifu hutangulia, mwenye nguvu hukaa nyuma. Wa mbele ndiye anayepanga mwendo, ili asiachwe mtu. Wa nyuma huokota vilivyodondoka, huziba pancha, na hupiga kengele mwenzake akichoka. Kila kiangazi, tangu watoto wetu waondoke nyumbani, sisi watatu tumetoka Passau kwenda Vienna kwa mpango huo. Mimi Burgi mbele, Traudi katikati, na Linde nyuma, na mkoba wa vifaa chini ya kiti chake.

Kwa hiyo Traudi aliposema pale Passau, mizigo imeshafungwa, "Linde, mwaka huu tangulia wewe," hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Linde alikuwa anakaza mkanda wa kofia yake. Hakuinua kichwa.

"Nitangulie? Kwani mimi ng'ombe, niswagwe?"

"Nani kakuita ng'ombe? Nasema tu upate upepo."

"Upepo upo hata nyuma, shoga. Tena huko nyuma nakuona ulivyokaa kwenye kiti kama gunia la viazi, nacheka bure."

Tukacheka. Linde akakaa nyuma.

Nyumbani kwao Wels alikuwa ameanza kupotea. Alitoka kununua mkate wakamkuta kituo cha treni, na mkate hana. Mwanawe Gerwin alimwambia mbele yangu, jikoni kwake, "Mama, ukipotea tena nakupeleka nyumba ya wazee. Chumba nimeshakiona, kina dirisha zuri."

Linde akamuuliza, "Na nikifika Vienna kwa miguu yangu?"

Gerwin alifikiri kidogo. "Ukifika Vienna, utabaki na nyumba yako. Sitakusumbua."

Wakapeana mikono kama watu waliouziana fahali. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yake.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Karibu na Aschach mnyororo wangu uliruka, na Linde akaurudisha kabla sijamaliza kulalamika, kisha akajifuta mikono kwa majani. Kule Grein aliniuliza mume wangu yuko wapi mwaka huu. Mume wangu tulimzika zamani, na Linde ndiye aliyenishika mkono kaburini. Nikamwambia amebaki nyumbani. Akasema, "Afadhali, apumzike." Traudi alinitazama, na mimi nikatazama mto.

Kila mwaka tukifika Spitz tulivuka kwa kivuko hadi ng'ambo, kula madonge ya aprikoti kwenye hoteli ya Walburga. Wa mbele hakumngoja wa nyuma pale gatini. Kila mmoja alivuka na kivuko alichokikuta, tukakutana kwenye benchi la Walburga. Lakini Walburga alifariki wakati wa baridi na hoteli yake ikafungwa. Tulipokunywa chai asubuhi kule Melk, Traudi akasema, "Basi mwaka huu hatuvuki Spitz. Tunanyoosha upande ule ule wa Spitz mpaka Krems." Linde alitikisa kichwa kukubali, huku anapaka siagi kwenye mkate.

Njia ile hupita katikati ya mizabibu, na mwezi wa Julai wauza aprikoti wamejaa kando. Nilisimama Weissenkirchen kunywa maji. Traudi akafika. Nyuma yake walikuja Waholanzi wanne wenye fulana za rangi moja, na nyuma ya Waholanzi hakuna mtu.

Tukangoja. Wauza aprikoti wakatupatia kiti kimoja, nasi tukakigombea, kila mmoja akitaka mwenzake ndiye akae. Kisha nikamwona Traudi ametoa simu.

"Unampigia nani?"

"Gerwin."

"Usimpigie, Traudi. Turudi kwanza tumtazame."

"Na akiwa mtoni, je? Utamwambia nini mtoto wa watu, Burgi? Kwamba tulikuwa tunakula matunda?"

"Nakuomba, usimpigie."

Akapiga. Nilimsikia akisema, "Gerwin mwanangu, mama yako haonekani," na sauti yake ikakatika. Hakufanya kwa ubaya. Alikuwa na haraka hata simu ikamgonga jino.

Tulirudi Spitz tukikanyaga kama wasichana. Ignaz, mwenye kivuko, alituona tukihema.

"Mnamtafuta bibi wa koti la njano? Nimemvusha mimi. Kasema wenzake wanakuja. Jua kali, nikampa chupa yangu ya maji. Yule pale."

Ng'ambo, chini ya ukuta mweupe wa hoteli ya Walburga, kulikuwa na doa la njano.

Kivuko cha Spitz hakina injini. Kimefungwa kwenye waya uliopita juu ya mto, na maji yenyewe ndiyo yanayokisukuma. Traudi alishika ukingo kwa mikono miwili. "Kaka, ongeza mwendo kidogo!"

"Mwambie mto, bibi," akasema Ignaz, lakini kwa upole, akamsogezea kigoda.

Linde alikuwa amekaa kwenye benchi letu. Mwanamke wa bustani ya jirani alikuwa amejileta na karai lake la maharage, anayamenya pembeni yake, ili asikae peke yake. Kofia ya Linde ilikuwa imejaa aprikoti.

"Mmechelewa!" akatuambia. "Huyu mama kanipa matunda. Hili kubwa ni la Traudi, kwa sababu hununa ukimpa dogo."

"Linde, ulipotea," akasema Traudi.

"Mimi? Mimi nipo tunapokutana siku zote. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Mwanamke wa maharage aliinama kwenye karai lake.

Traudi akasogea kando kupiga simu tena. Tulimsikia sote. "Amepatikana, Gerwin. Mzima. Hakupotea hasa, ni sisi tuli... Hapana, usije. Gerwin, geuza gari... Ndiyo, najua nilichosema."

Linde aliweka tunda kubwa chini, kwenye benchi.

"Ulimpigia?"

"Niliogopa, Linde."

"Mwaka ule ulipoanguka kule Ybbs ukazimia, ulipozinduka uliniomba nini?"

Traudi akaigeuza simu kifudifudi kiganjani.

"Uliniomba nisimwambie mumeo, asije akakuzuia kusafiri. Nilimwambia?"

"Hukumwambia."

"Basi."

Gerwin alifika kabla maharage hayajaisha. Si mtoto mbaya. Alitushukuru mmoja mmoja, na kabla ya kupandisha baiskeli juu ya gari aliufuta mnyororo kwa leso yake, kwa sababu anajua mama yake hapendi uchafu.

Linde akamwambia, "Tulipeana mikono."

"Tulipeana, mama. Kwamba utafika."

"Vienna si mbali. Tazama, mto wote unakwenda huko."

"Nitakupeleka siku moja kwa gari."

Linde alimpa mkono mwanamke wa maharage. Akampungia Ignaz, aliyekuwa katikati ya mto. Kisha akaingia garini, kofia ya matunda mapajani, akajifunga mkanda mwenyewe. Sisi hakutuaga. Nilisimama karibu kabisa na kioo, lakini alikuwa anatazama mbele.

Traudi alilichukua lile tunda kutoka kwenye benchi. Hakulila, wala hakulitupa. Alilitia mfukoni, na jioni mfuko ulikuwa umelowa.

Tuliendelea, kwa sababu vyumba vya kulala tulishaviagiza, na kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema turudi. Kabla ya Tulln tairi la Traudi likatoboka. Tukashuka. Nikageuka kutazama nyuma, njia nzima mpaka kwenye miti ya mipopla, na nilipomtazama Traudi naye alikuwa amegeuka. Mkoba wa vifaa ulikuwa chini ya kiti cha Linde, na kiti cha Linde kilikuwa Wels.

Kijana mmoja na mkewe walisimama wakatuzibia, wakakataa hata maji yetu. "Bibi zetu, msisafiri bila pampu," mke akasema, akatuachia yake.

"Tangulia," Traudi akaniambia walipoondoka.

"Tangulia wewe."

Hakuna aliyetangulia, wala aliyekubali kukaa nyuma. Tulikwenda hadi Vienna sambamba, ingawa njia ni nyembamba, na kila aliyetaka kupita alitupigia kengele.