Kishindo Kilichobaki kwa Mshonaji

Hivi wewe umewahi kuegemeza mgongo kwenye kabati la vyombo, pini mdomoni, ukingoja kishindo kipite ndipo urudi kwenye cherehani? Mshonaji wa pale konani alifanya hivyo kila alasiri, tangu lori la kiwanda cha matofali lilipomgonga mumewe mbele ya dirisha. Mume alizikwa. Lori lilivutwa hadi gereji. Kishindo hakikubebwa na mtu, kikabaki ndani.

Chai ikishaiva, hicho hapo: chuma, vioo, halafu kimya. Vikombe vinacheza. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara hurekebisha saa yake kwa kishindo hicho.

Madereva wa kiwanda wana mtindo wao. Wakifika mteremkoni wanazima injini, lori linashuka kimyakimya kama paka anayenyemelea mboga, mafuta yanabaki, msimamizi anafurahi. Ndiyo maana marehemu hakusikia kitu. Kiwandani walisema aliteleza mwenyewe. Dereva, mdogo wa marehemu, tumbo moja, akaitikia kwa kichwa, maana ana watoto. Mjane akaulizwa anataka nini. Akarudi kwenye cherehani.

Alasiri moja shemeji huyo akaja na suruali ya kutanuliwa kiuno.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umenenepa, au suruali imesinyaa?"

"Imesinyaa. Mimi ninenepe kwa lipi?"

"Haya, njoo tushike kabati. Kinakaribia."

Wakaegemea bega kwa bega. Kishindo kikaja, kikampita dereva kifuani, kikamwaga kopo la vifungo. Wakapiga magoti kuviokota, vya mashati huku, vya makoti kule. Mkono wa dereva ukasita juu ya kifungo cheusi, cha koti la kaka yake.

"Nilimgonga mimi, shemeji. Nilikuwa nimezima injini."

"Najua."

Nje watoto wa shule walikuwa wanavuka. Nyuma yao lori jingine likapita. Kivuli chake kikatambaa juu ya kitambaa kilicho mezani, sauti hakuna.

"Na kesho?"

"Nitazima. Wote tunazima. Asiyezima haajiriwi."

Mshonaji akakipokea kile kifungo cheusi, akakifuta kwa kanga, akakirudisha koponi.

"Walipokuwa wananiuliza nataka nini," akasema, "nilitaka mmoja wenu tu ashuke akiunguruma. Nimsikie anakuja."