Msiba wa Tangi la Sabuni

Kwa wiki tatu Getruda alikuwa anapigiwa makofi, na hicho ndicho kilichomnyima usingizi. Kila alipoitisha mkutano pale kiwanda cha sabuni ya mche cha Mkolani, wazee wa chumba cha kuchemshia walikaa mstari wa mbele, wakasikiliza habari za mtambo mpya, wakashangilia.

"Kuna swali?"

"Hakuna, meneja. Tumeelewa."

Halafu wakarudi zao kwenye tangi la chuma, lililochemsha sabuni tangu enzi za baba zao, wakaendelea kukoroga. Mtambo mpya ulikaa chumba cha pili na nailoni yake, haujaguswa na mtu. Jamani, kukataliwa kwa makofi! Heri utukanwe.

Kinara wa mgomo huo wa heshima alikuwa Mzee Shimba, Msukuma wa Magu, mwenye miaka thelathini na moja pale tangini. Ukimwamkia anaitikia "Marahaba, mwanangu" kwa sauti tamu mpaka unasahau kilichokuleta. Wenzake kumi walimtazama yeye: akienda wanaenda, akikaa wanakaa.

Na Getruda alikuwa na jambo kifuani. Wakurugenzi walimpa hadi Jumatatu: sabuni itoke kwenye mtambo mpya kwa mikono ya wazee hao, la sivyo wanaletwa mafundi kutoka Dar, na wazee wote kumi na mmoja wanakwenda nyumbani. Majina yalikuwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa kwenye mkoba wake. "Usiwaambie," walimwonya, "utawatia hofu bure." Akakubali. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kupigiwa simu na wakurugenzi.

Alhamisi asubuhi lori la chuma chakavu likaja kuchukua tangi. Likishaondoka, alijiambia Getruda, wazee watakosa pa kukoroga, watahamia kwenye mtambo wenyewe. Ndivyo alivyojidanganya. Tangi likapandishwa kwa winchi, wazee wamesimama uani, kofia mkononi. Mzee Shimba akafuta macho kwa kiganja.

Hapo ndipo Suzana, mkuu wa kufungasha, Mzaramo wa Kisarawe aliyeolewa Mwanza miaka mingi, akatoka mbio, akatandika khanga chini, akajinyoosha chali mbele ya matairi.

"Maiti haitoki!" akapiga kelele. "Msiba wa Wasukuma huu, na watani hatujalipwa! Dereva, zima gari!"

Dereva akazima.

"Tazameni, Msukuma analilia sufuria! Na ng'ombe wakifa je, utajinyonga?"

"Toka hapo, Mzaramo wewe!" Mzee Shimba akajibu, machozi yakigombana na kicheko. "Usiku kucha uko ngomani, ndiyo maana mchana unalala barabarani!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Getruda hakucheka. Alipandwa na hasira mpaka masikio yakamwaka, na neno "Mlinzi!" lilikuwa limeshafika ulimini. Akalimeza. Alikumbuka maziko ya babu yake kule Majita, mtani alivyoingia kaburini akakataa kutoka, na hakuna mtu aliyethubutu kumfukuza. Mtani hafukuzwi msibani. Anaulizwa anadai nini.

Akachuchumaa kando ya tairi. "Haya, mtani. Unataka nini? Soda? Kuku?"

Suzana akageuza shingo. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni. "Kuku nitakula kwangu. Nataka jibu. Tangi hili linaondoka na watu wangapi?"

Kicheko kikakatika. Wiki tatu nzima aliuliza kama kuna swali, na swali ndilo hilo, limeulizwa na mwanamke aliyelala chini, kwa sababu mtani ana ruhusa ya kusema kile ambacho mwajiriwa hana.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Getruda akawatazama wale wazee na kofia zao, akaona hawezi. Akafungua mkoba.

"Kumi na mmoja," akasema, akawaeleza yote: Jumatatu, mafundi wa Dar, majina. "Niliambiwa nisiwaambie, nikakubali. Nimewakosea, wazee wangu. Naona aibu."

Mzee Shimba akamsogelea. Utamu wote ulikuwa umekauka kwenye sauti yake. "Wiki tatu unatulisha biskuti na maneno ya maendeleo. Tulijua kuna aliyekufa, ila hatukuambiwa nani. Umeona wapi watu wanaitwa kuzika, jina la marehemu linafichwa? Ungetuambia ni sisi, mtambo huo tungekuwa tumeshauzoea!"



"Na jina lako limo humo?" Suzana akauliza kutoka chini.

"Halimo."

Getruda akafikiri kidogo tu. Kisha akaiweka karatasi juu ya boneti ya lori, akatoa kalamu, akaandika jina lake mwisho kabisa, akasaini. Akampa Mzee Shimba kwa mikono miwili. "Mkienda nyumbani, tunakwenda wote. Jumatatu uwakabidhi wakurugenzi wewe mwenyewe."

Mzee Shimba akaisogeza mbali na macho, akaisoma polepole, kidole kikishuka kutoka jina la kwanza, lake mwenyewe, hadi la mwisho, la Getruda. Akaikunja, akaitia mfukoni. Akawageukia wenzake.

"Mnashangaa nini? Leo Alhamisi! Nawe Suzana inuka, umeshalipwa, acha kutuchafulia uwanja." Akavaa kofia, akaelekea chumba cha pili, na wenzake kumi nyuma yake. Mlangoni akasimama. Hakumwita meneja, wala mwanangu.

"Namba kumi na mbili!" akaita. "Njoo utusomee hizi batani. Maandishi madogo kama chawa, na sisi macho yamekwisha!"

Getruda akakimbia. Jumapili saa tisa alasiri mche wa kwanza ukatoka, umepinda kidogo, bado wa moto, na namba kumi na mbili akalia mbele za watu wote bila kujificha.