Ngoja Injini Ipoe

Kabla hajakaribishwa, Ndanu aliweka kiganja juu ya boneti ya gari la kijivu. Akakiondoa upesi.

"Ina moto."

Kiema, dalali aliyekuwa akiliuza gari hilo katika ua wa tajiri mmoja wa Lavington, alicheka. "Ni jua, mama."

Ndanu akagusa paa. Lilikuwa baridi. "Jua limechoma boneti likaruka paa?"

Kaka yake Mutiso alikohoa. Ukoo mzima ulishikilia kwamba gari hununuliwa na mwanamume, ndiyo maana alikuwepo. Lakini mpishi alikuwa Ndanu. Kila siku alipika kwake Mountain View na kuwapelekea watu wa maduka ya River Road chakula cha mchana, kwa gari la kukodi ambalo mwenye gari angelichukua tena mwisho wa mwezi. Akiingia mkenge leo, akiba yote imekwenda na sufuria zitabaki jikoni.

"Mtu huwasha gari mapema ili mnunuzi asilisikie likiamka," alisema. "Nitangoja ipoe." Akaketi kwenye ukingo wa mawe wa bustani ya maua.

"Unatuaibisha," Mutiso alinong'ona. "Huyu ni mtu wa kwetu."

"Mtu wa kwetu ndiye anayejua tunapoona haya."

Kiema alipiga simu, akazunguka ua, akasema kuna wateja wengine njiani. Ndanu akamwambia waje, ukingo ni mrefu.

Boneti ilipopoa kabisa, aliingia ndani na kuzungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa za dashibodi zikajitokeza: betri, oili, mkanda, breki.

"Umeona? Hakuna taa ya injini," Kiema alisema kwa fahari. "Iko safi."

"Hapo ndipo mlipokosea. Ufunguo ukifika hapa, zote huwaka, hata kwa gari jipya. Injini ikishanguruma ndipo zinapozima. Taa yenu ya injini haikuwaka kabisa. Mmeing'oa au mmeifunika?"

Kiema alitazama lango.

Ndanu akawasha. Gari likatetemeka kama mtu mwenye malaria. Kioo cha pembeni kilicheza hata sura ya Mutiso ikawa mbili ndani yake.

"Ni petroli mbaya tu," Kiema alisema. "Ikipata moto inatulia."

"Najua inatulia. Ndiyo maana uliipasha."

"Mama, wewe ni mgumu. Hivi hutapata gari Nairobi hii."

"Basi nitabeba sufuria kichwani. Hilo siogopi. Ninachoogopa ni kusimama Waiyaki Way na mchuzi unaoganda."

Mutiso alizima injini mwenyewe, akamrudishia Kiema ufunguo. Safari hii hakukohoa.

Lango likafunguliwa. Wakaingia kijana na mkewe mjamzito, wakaliona gari, wakatabasamu. Kiema akawakimbilia, mkono mmoja ukitafuta ufunguo mfukoni.

"Twende, dada," Mutiso alisema.

Ndanu alikuwa amekwisha kurudi kwenye ukingo wa maua. Akasogea, akapigapiga mawe ya ukingo kwa kiganja.

"Njooni mkae, wanangu," aliwaambia wale wawili. "Gari hili linataka kutazamwa likiwa baridi, na asiwawashie mtu."