Hata Shangazi Haimjui

Umewahi kumfundisha mtu maneno kwa miaka kumi na tisa, halafu asubuhi moja ukamkuta hajui hata "samahani"? Mimi yamenikuta, ila mwanafunzi wangu hakuwa mtu. Alikuwa kompyuta.

Nachapa barua za watu katika duka la steshenari la binti yangu, kitindamimba wangu. Meza yangu iko kati ya printa na kabati la bahasha, na kiti kina mto nilioushona mwenyewe kwa vipande vya pazia. Shule niliishia ya msingi, lakini vidole vyangu havina habari hiyo. Wateja huniita Bibi Herufi.

Tangu siku ya kwanza programu ya kuandikia ilikuwa haijui Kiswahili. Karibu kila neno ililiwekea mstari mwekundu chini, kama mwalimu aliyeamka vibaya. Mama ilimjua, shangazi haikumjua. Binti yangu akanionyesha: weka mshale juu ya neno, bonyeza mausi upande wa kulia, uiambie iongeze neno hilo kwenye kamusi yake. Basi nikaanza. Shangazi, ongeza. Samahani, ongeza. Na Kiswahili unakijua, neno moja lina watoto kumi: naomba, ninaomba, tunaomba, aliomba, wameomba. Kila mtoto nilimwandikisha peke yake. Na majina ya wateja, na ya watoto wao. Chai ilikuwa inapoa pembeni nami nabonyeza.

Mwishowe nikawa nachapa ukurasa mzima bila wekundu. Nikiona mstari, najua kweli nimekosea. Ule mstari ulikuwa miwani yangu ya pili.

Mara moja tu niliteleza. Niliandika "mpedwa" badala ya "mpendwa", na mkono ukawahi kuliko macho: ongeza. Kulitoa sikujua, na kuuliza niliona haya. Toka hapo kila barua yenye "mpendwa" naipitia kwa kidole, herufi kwa herufi, maana hapo mashine ilishadanganywa, na aliyeidanganya ni mimi.

Sasa, Jumatatu moja nafika, nakuta kompyuta mpya mezani, nyembamba kama trei, binti yangu kaifunga utepe.

"Mama, ile ilikuwa inakohoa," akasema. "Hii inawaka kabla hujakaa."

"Asante mwanangu. Nzuri mno." Ningesema nini, na utepe ule?

Fundi kompyuta, baba mmoja mwenye upara anayejichekea mwenyewe, alikuwa anakunja waya za ile ya zamani. "Nimehamisha kila kitu, bibi. Mafaili yote. Hii ya zamani naondoka nayo. Ijumaa ya wiki ijayo nitapita. Kama kuna ulichosahau useme, maana Jumamosi naifuta yote nimpe mtu."

Nikafungua barua. Nyekundu tupu, juu mpaka chini. Hata shangazi.

Nikaanza upya. Naomba, ongeza. Ninaomba, ongeza. Siku ya tatu kifundo cha mkono kikavimba, nikakifunga kitambaa. Binti yangu akipita anauliza, "Vipi, mnaelewana?" Najibu, "Tunaelewana." Uongo mtupu.

Mbaya zaidi, hii mpya ilikuwa na mdomo. Neno isilolipenda ililibadilisha yenyewe, kimyakimya. Alhamisi ya wiki ya pili akaja seremala, mteja wangu wa siku nyingi, anaomba kufundisha kwenye chuo cha ufundi. Nikamchapia, nikamsomea, akaondoka na bahasha yake. Saa sita akarudi, jasho linamtoka.

"Bibi Herufi, hebu nisomee hapa. 'Mimi in seremala.' In ndiyo cheo gani?"

"Wapi?"

"Hapa! Karani amesoma kwa sauti, foleni nzima ikacheka. Sasa naitwa In Seremala. Na barua mwisho leo saa tisa."

Mimi niliandika "ni". Kwenye ukurasa wote mwekundu, ningeonaje kineno cha herufi mbili kilichogeuzwa? Nikachapa tena, ikageuza tena. Mara ya tano nikaigundua hila yake, nikarudi nyuma nikaligeuza neno kuwa "ni" tena, likakaa. Seremala alikuwa amesimama mgongoni mwangu. Alipochukua barua akasema polepole, "Kwako haijawahi kunitokea, bibi." Afadhali angenitukana.

Binti yangu alisikia yote. Akavuta kiti. "Mama, nikuzimie hiyo mistari? Usiione tena."

"Nikiizima, nitajuaje nimekosea?"

Akaangalia kitambaa mkononi mwangu. "Basi labda upumzike. Nitafute mtu akae hapo."

Hapo maana yake kwenye mto wangu. Nikakaza kitambaa, nikavuta barua iliyofuata.

Kesho yake, Ijumaa, fundi akapita. "Haya bibi, neno la mwisho. Kesho naifuta."

"Hakuna kitu, fundi."

"Hakika?"

"Hakuna."

Akatundika begi begani. Mimi nikageukia barua ya mteja, nikachapa shangazi, ambaye sikuwa nimemfikia bado. Mstari mwekundu.

"Fundi, ngoja," nikasema. "Ile ya zamani ilikuwa inamjua shangazi."

Wakatazamana, yeye na binti yangu.

"Kumbe ulikuwa unaongeza maneno kwenye kamusi?" akauliza fundi. "Mangapi?"

"Sikuhesabu. Ni miaka kumi na tisa."

Akashusha begi. "Hicho ni kifaili kidogo, bibi, kidogo kuliko picha moja. Bado kipo. Sikukigusa kwa sababu sijawahi kuona mtu ana kitu humo. Na hako kamchezo ka kugeuza maneno, binti yako ameniambia, nitakazima sasa hivi. Ila kamusi itakuja ilivyo, mazuri na mabovu. Au uanze upya, safi?"

"Mama, mbona hukusema?" Binti yangu alikuwa amekishika kile kitambaa cha mkononi mwangu. "Wiki mbili! Haya, sasa sema wewe. Unataka nini?"

"Nataka maneno yangu," nikasema. "Yote. Hata mpedwa."